Jina la Kupachikwa

Jumapili tatu zilizopita, baada ya misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya alinivuta pembeni ya sakristia. Alinipa Tumsifu Yesu Kristo ya haraka haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto, kisha akanielekeza kwa kidevu upande wa mwembe. Chini ya mwembe alikaa binti wa miaka kumi na tisa hivi: suruali nyeusi, fulana nyeusi, viatu vizito vyeusi, kucha nyeusi, na wanja uliovutwa mpaka karibu na masikio. Shingoni alining'iniza msalaba mkubwa kuliko wangu. "Padri," mama akaninong'oneza, "yule si Freemason?"

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Mjini kwetu kila kisichoeleweka ni Freemason: tajiri aliyetajirika upesi, jicho lililochorwa ukutani, mwanamuziki mwenye pete kubwa. Nikamwambia mama nitazungumza naye. Nilipomfikia binti alisimama, akanipa shikamoo yake vizuri kabisa, nami nikamuuliza kwa utani amefiwa na nani.

"Sijafiwa, Padri. Mimi ni gothi."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Seminarini nilifundishwa kwamba Wagothi ni watu walioiteka Roma. Miaka mingi baadaye mtu aliyenitembeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, pale mbele ya bandari, aliniambia kwamba mnara ule mrefu na madirisha yale yenye ncha ni ya kigothi. Sasa binti wa wanja ananiambia naye ni gothi. Hawa watatu wanajuana? Jioni kadhaa za wiki mbili nimekuwa nikilifuatilia neno hili, na ninayowaletea leo si mahubiri yaliyonyooka. Ni njia niliyopita, pamoja na kona zake.

Nianze na wenye jina. Wagothi walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani, wakiishi kaskazini ya Mto Danube katika nchi ambazo leo ni Romania na Ukraine. Mwaka 376 umati mkubwa wao ulisimama ukingoni mwa mto huo, wanaume kwa wanawake, watoto na mikokoteni, wakiiomba dola ya Roma iwaruhusu kuvuka. Walikuwa wanakimbia wapanda farasi waliotoka nyika za mashariki, watu ambao jina lao likiandikwa kwa Kiswahili linakuwa Wahuni. (Naomba msicheke. Na kama mmeshacheka, basi nusu ya tafakari hii mmekwisha kuielewa.)

Kaisari Valens aliwakubalia. Aliona amepata wakulima na askari bila jasho. Lakini amri ya Kaisari ni kitu kimoja na ofisa wa mpakani ni kitu kingine, kama ajuavyo kila aliyewahi kushinda mpakani na mizigo yake. Wakubwa wa kijeshi waliokabidhiwa wakimbizi wale waliigeuza njaa yao kuwa biashara. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa askari na mwanahistoria wa Roma zama zile zile, ameandika kwamba walikusanya mbwa wakawauzia Wagothi wawale, na bei ya mbwa mmoja ilikuwa mtu mmoja wa kutiwa utumwani. Hata watoto wa wakuu wao walikwenda kwa bei hiyo.

Sehemu hiyo niliisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye neno mbwa. Ammianus si Mgothi. Hana sababu ya kuwapamba. Ni Mrumi anayeona haya kwa ajili ya Warumi wenzake.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Danube mwenyeji hakupona. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Hadrianopoli, Wagothi waliliponda jeshi la Roma na Kaisari Valens akafia humo humo vitani. Tarehe 24 Agosti 410, wakiongozwa na Alariki, waliingia Roma yenyewe, mji ambao haukuwa umetekwa na adui wa nje kwa karibu miaka 800, wakapora kwa siku tatu. Walichoma, waliua, walibeba mateka, sitaki kuwasafisha. Ila basilika za mitume Petro na Paulo waliziacha, na waliokimbilia humo walisalimika. Mtakatifu Augustino, akianza kile kitabu chake kikubwa cha Mji wa Mungu, anashika jambo hilo hilo mapema kabisa. Anawakumbusha Warumi wapagani waliokuwa wakiulaumu Ukristo kwamba wapo kati yao walio hai leo kwa sababu tu walijificha makanisani.

Maana hao walioitwa washenzi walikuwa wamebatizwa.

Waliupata wapi Ukristo? Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Katika karne ya 3 Wagothi waliivamia Asia Ndogo, wakarudi na mateka, na kati ya mateka hao walikuwemo Wakristo wa Kapadokia. Mateka waliishi, wakazaa, imani yao ikaishi pamoja nao. Karibu na mwaka 311 akazaliwa katika ukoo huo mtoto aliyepewa jina la Kigothi, Wulfila, maana yake mbwamwitu mdogo. Ukoo wake ulikuwa wa watu waliotekwa. Jina lake lilikuwa la waliowateka. Alikua akijua Kigothi na Kigiriki, na Kilatini juu yake. Alipofika umri wa miaka thelathini hivi aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Wakristo wa nchi ya Wagothi. Baada ya miaka kama saba mtawala mmoja wa Kigothi alianza kuwatesa Wakristo, naye Wulfila akalivusha kundi lake Danube, akakaa nalo ndani ya mipaka ya Roma, akachunga na kuandika.

Aliandika nini? Kigothi hakikuwa na vitabu. Akatengeneza herufi 27, nyingi akizichukua kutoka Kigiriki na chache kwingineko, akaanza kutafsiri Biblia. Mwandishi wa kale Filostorgio anasema Wulfila alitafsiri Maandiko yote isipokuwa vitabu vya Wafalme, kwa kuwa vimejaa vita, na Wagothi, kwa maoni yake, walihitaji hatamu kuliko mjeledi wa kuwakimbiza. Mimi nisingethubutu kuacha kitabu cha Maandiko, wala simsifu kwa hilo. Lakini nakiri kwamba kila mchungaji huchagua. Hesabuni Jumapili zangu: zipo kurasa ambazo sijawahi kuzigusa mimbarini, na sababu zangu si nzuri kama za Wulfila.

Tuseme na lile lingine. Wulfila alikuwa upande wa Waario. Hakumkiri Mwana kuwa sawa na Baba jinsi Mtaguso wa Nisea ulivyofundisha mwaka 325. Kwa imani yetu alikosea, tena si padogo. Ndiyo maana hamtalikuta jina lake katika kalenda ya watakatifu wetu. Hata hivyo, Mgothi wa kwanza aliyemwita Mungu Baba katika kitabu cha lugha yake mwenyewe, akitumia neno la nyumbani kabisa, atta, alifanya hivyo kwa mkono wa mzushi huyu. Sijui kama mnaona ninachokiona. Mimi nimeshindwa kukipanga kikakaa sawa.

Kazi hiyo imebaki kwetu vipande vipande. Kipande maarufu kuliko vyote ni kitabu cha Injili kilichonakiliwa Italia karne ya 6, wakati Wagothi wa mashariki walipotawala Ravenna. Kurasa zake ni ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, na maandishi ni ya wino wa fedha na dhahabu. Kilikuwa na kurasa za ngozi 336, zimesalia 188. Mwaka 1648 askari wa Sweden walikipora Praha, na leo kiko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Ukurasa mmoja uliokuwa umepotea uligunduliwa mwaka 1970 katika kanisa kuu la Speyer, Ujerumani. Na mwaka 1995 wezi walinyakua baadhi ya vitu vyake pale Uppsala. Baada ya mwezi hivi vikakutwa ndani ya kabati la kuwekea mizigo, stesheni ya treni ya Stockholm. Watu walioitwa waporaji wa dunia, kitabu chao kimeporwa mara ngapi?

Lugha yenyewe ilikufa. Wagothi wa Italia walishindwa vitani na wa Hispania wakachukua lugha ya wenyeji. Kwa hiyo ilipofika wakati wa watu wengine kuamua neno "Gothi" litamaanisha nini, hapakuwa na Mgothi karibu wa kunyoosha mkono na kusema, samahani, mnatusema sisi.

Sasa mambo ya ujenzi, ambapo kisa kinachekesha kidogo.

Mwaka 1550 mchoraji na mwandishi wa Italia, Giorgio Vasari, alichapisha kitabu cha maisha ya wasanii. Vasari alipenda mtindo wa Kigiriki na Kirumi, nguzo nene, matao ya nusu duara, kila kitu kwa kipimo. Makanisa yale marefu yenye minara kama miiba na madirisha yenye ncha yalimkera. Akaandika kwamba ni kazi ya Wagothi, watu walioharibu majengo ya kale na kuwaua wajenzi, kisha wakaijaza Italia takataka hizo. Akamwomba Mungu aziepushe nchi zote na balaa kama hilo. Yeye hakuwa wa kwanza kusema hivyo, lakini kitabu chake kilisomwa, na jina likaganda.

Ni jina la uongo mtupu. Wagothi hawakujenga hata ukuta mmoja wa makanisa yale. Mtindo ule ulichomoza karibu na Paris, katika kanisa la monasteri ya Saint-Denis, ambapo Abate Suger alifanya sherehe ya kuweka wakfu sehemu ya altare tarehe 11 Juni 1144. Kutoka Alariki kuingia Roma mpaka siku hiyo ni miaka 734. Wajenzi wenyewe hawakujua kwamba wao ni Wagothi. Watu wa wakati wao waliiita kazi ya Kifaransa. Suger alichokuwa akikitafuta ni nuru. Ukuta wa zamani ulibeba dari kwa unene wake, na ukitoboa dirisha kubwa unahatarisha nyumba. Mafundi wapya walikusanya uzito wa dari kwenye mbavu za mawe, mbavu zikaushusha kwenye nguzo, na msukumo uliobaki wakaupokea kwa mihimili iliyosimama nje ya jengo kama watu wanaoegemeza bega. Ukuta ukapumzika. Ukaweza kuwa kioo. Tao lenye ncha lilisaidia kwa sababu linasukuma chini zaidi kuliko pembeni, na fundi anaweza kulipandisha au kulishusha bila kubadili upana wake. Palikuwa na waliojisahau pia: huko Beauvais walipandisha dari mpaka mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

Nalo tao lenye ncha? Lilikuwepo Cairo katika msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879, karne mbili na nusu kabla ya Suger. Christopher Wren, aliyejenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo London, alishasema kwamba mtindo unaoitwa wa Wagothi ungeitwa kwa haki zaidi wa Wasarasini, yaani wa Waislamu. Na sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Cairo. Nenda Kilwa Kisiwani ukasimame ndani ya Msikiti Mkuu, au Gedi upite mlango wa ikulu: matao yenye ncha, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yaliyojengwa na Waswahili, hayakupata kuitwa ya kigothi na mtu yeyote.

Nikifika hapo nakumbuka Mkunazini, Unguja. Mwaka 1873, baada ya soko la watumwa kufungwa, Waanglikana walianza kujenga kanisa kuu juu ya kiwanja hicho hicho. Msimamizi alikuwa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata. Ukiliangalia jengo lake unaona madirisha ya kigothi yakizungumza na mikato ya Kiarabu, kana kwamba tao lenye ncha lilikwenda Ulaya, likakaa huko, likarudi nyumbani na lafudhi. Watembeza wageni hawaachi kusimulia kwamba nguzo fupi za pale karibu na mlango zilisimamishwa kichwa chini wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo. Steere huyo ndiye aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 na kutafsiri sehemu za Biblia. Ni mwenzake Wulfila kwa kazi, ingawa Kiswahili, tofauti na Kigothi, kilikuwa na maandishi yake ya herufi za Kiarabu tangu zamani, na tenzi za kutosha.

Lakini nimeitaja Mkunazini kwa sababu nyingine. Waliouzwa pale waliitwaje? Waliitwa washenzi. Neno hilo leo ni tusi la tabia. Ukimwita mtu mshenzi unamaanisha hana adabu. Kwenye pwani ya karne ya 19 lilikuwa jina la mtu wa bara, yule ambaye si muungwana wa mjini, hajui dini ya mjini wala nguo za mjini. Kwanza lilikuwa jina la mahali mtu anapotoka, kisha likawa sababu ya kumfunga kamba. Hata neno letu zuri la ustaarabu lina Mwarabu ndani yake, kana kwamba njia ya kuwa mtu wa heshima ni moja. Vasari alipoandika Wagothi, Mswahili angemfasiria kwa neno moja tu: washenzi. Tusimcheke sana Vasari, kwa hiyo. Wavandali, ndugu zao Wagothi, nao yaliwapata hayo hayo: mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, jina lao lilitengenezwa kuwa neno la kuharibu mali kwa makusudi, tena aliyelitengeneza alikuwa askofu, Henri Grégoire.

Jina la tusi liliponywaje? Kwa macho. Goethe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alifika Strasbourg kichwa chake kikiwa kimejaa aliyofundishwa. Mwaka 1772 aliandika akikiri kwamba neno la kigothi kwake lilikuwa kapu la kutupia kila kisichopendeza, kilichovurugika, kilichopachikwa viraka. Kisha akasimama mbele ya kanisa kuu. Alitazama asubuhi, akatazama jioni, akarudi tena, na kapu likapasuka. Kitu kimoja hakurekebisha: aliligeuza jengo la mtindo wa Kifaransa kuwa fahari ya Ujerumani, na hivyo kulipa jina jingine la uongo. Baada yake ikaja karne nzima ya watu kuupenda mtindo huo. Riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1831 iliwafanya Wafaransa walihurumie kanisa la Notre-Dame, ambalo wengi wetu tuliliona likiwaka kwenye simu zetu tarehe 15 Aprili 2019, na kufunguliwa tena Desemba 2024. Waingereza walijenga Bunge lao jipya kwa mtindo huo baada ya moto wa mwaka 1834. Ni wimbi hilo lililoleta mtindo kwetu: kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, na lile la Watakatifu Wote, Nairobi, lililochorwa na Mwingereza Temple Moore.

Na nguo nyeusi? Hizo zilipitia vitabuni. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya ya jumba la kale lenye mizimu na njia za chini ya ardhi, na toleo lililofuata akaliita hadithi ya kigothi, yaani ya zama za kati. Hapo neno likaanza kunuka kaburi. Frankenstein akaja 1818, Dracula 1897. Na Dracula hana jipya kwa mtu aliyelelewa na bibi wa Tanga au Mombasa, maana sisi tulitishiwa mumiani kabla hatujajua kusoma. Mwaka 1979 bendi ya vijana wa Uingereza, Bauhaus, ilitoa wimbo kuhusu kifo cha mwigizaji wa zamani wa Dracula, vijana wakajipaka wanja na kuvaa nyeusi, na mtu akawaita magothi. Safari hii walioitwa walilipokea jina kwa mikono miwili.

Liko tawi jingine nitaligusa kidogo. Herufi nene zenye kona, kama zile za Biblia ya Gutenberg na za vitabu vya Kijerumani kwa karne nne, nazo huitwa za kigothi. Wanazi walizipamba miaka ya mwanzo kama alama ya taifa lao. Januari 1941 wakageuka, wakatoa waraka wa kuzipiga marufuku kwa madai kwamba ni herufi za Kiyahudi. Hazikuwa za Kigothi, na hazikuwa za Kiyahudi. Ila wakati huo kuitwa cha Kiyahudi kulikuwa hukumu, na mwaka huo haikuishia kwenye herufi.

Sisi nasi jina letu tulipachikwa. Luka anasema katika Matendo, sura ya 11, kwamba ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Waliitwa; hasemi walijiita. Wao kwa wao waliitana ndugu, watakatifu, watu wa Njia ile. Jina la Wakristo lilitoka mtaani, kwa watu waliowatazama kwa nje, na wataalamu wengi wa Biblia wanasikia humo harufu ya dhihaka. Nathanaeli naye, kabla hajamwona Yesu, alikuwa ameshaijua Nazareti yote: kitu chema kitatoka huko? Filipo hakubishana naye. Alimwambia aje aone.

Jumapili iliyopita binti alikuja tena, akakaa pale pale. Nilimsimulia haya yote, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka, maana alichezea kamba za viatu vyake mpaka nikafika kwa Wulfila. Hapo akanyanyua uso. Akaniuliza yule wa mbwa mmoja kwa mtoto mmoja kama aliadhibiwa. Nikamwambia nilichosoma hakikunipa jibu la kumpa. Kisha nikamuuliza kwa nini nyeusi, katika joto hili la Dar.

"Nyeusi haina kelele, Padri." Akafikiri kidogo. "Na mbona akina mama wa mtaa huu wakivaa buibui hakuna anayewauliza? Na wewe kanzu yako nyeusi ya sikukuu, nani alikuuliza?"

Sikuwa na jibu la upesi. Nilikuwa bado nalitafuta nilipogundua jambo lililonitia haya. Wiki mbili nimemfikiria binti huyu, nimesoma vitabu kwa ajili yake, nimemtaja mezani kwa mapadri wenzangu, na muda wote nimekuwa nikimwita yule binti wa nguo nyeusi. Nikamuuliza jina lake. Akanitajia, la ubatizo na la ukoo, na kijiji anakotoka babu yake.

Nilipokuwa nafunga sakristia, mama wa jumuiya alikuwa akinisubiri mlangoni. Hakuniuliza habari za Freemason. Aliuliza, "Padri, hivi yule mtoto anaitwa nani?"

Nikamwambia bado yupo pale chini ya mwembe, aende akamuulize. Mama akatazama mwembe, akanitazama mimi, akafunga upya kanga yake kiunoni, akaenda.